Kompyuta Iliyoogopa Wageni

"Weka hiyo waya chini," nilimwambia mume wangu.

"Siweki. Abdow anapita na lori lake saa nane na hii kitu inaenda."

"Nzomo, weka waya chini."

Nikimwita kwa jina badala ya kumwita Baba Mbinya, anajua nimefika mwisho. Hata hivyo hakuiweka. Aliendelea kuizungusha kwenye kiwiko polepole, ile waya ya kufungia mzigo, kama anavyokunja kamba yake ya kupimia ukuta kazi ikiisha. Binti yetu Mbinya alisimama kati yetu amekumbatia kibodi. Hakuwa analia. Sikumlea mtoto wa kulia mbele ya kazi.

"Mara mbili," Nzomo alisema. "Mara mbili nimeita watu kwa hii nyumba, watu wa heshima, wakakaa, wakapewa chai, na hii kitu ikasimama. Ya kwanza, kina mama wa kikundi. Ya pili, wazee wa kanisa. Unajua mzee Musembi aliniambia nini hapo kwa lango? 'Fundi, huo ukuta wako basi tutauona mbinguni.'"

"Musembi ana mdomo."

"Ana mdomo, na siku hiyo alikuwa na haki. Mimi ndiye nilisimama kanisani nikatangaza. Mimi! Sasa kompyuta inarudi kwa Mulei, Mombasa, kupitia Kambu, na Mbinya anabaki hapo Kambu kwa dada yangu. Syombua anataka mtu wa kumsaidia kwa hoteli. Huko watu wanakula kila siku. Chapati haigandi katikati."

"Na darasa, Baba?" Mbinya aliuliza.

"Darasa gani? Nani atakuletea mtoto wake umfundishe mashine ambayo imekushinda wewe?"

Swali hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa swali zuri. Mbinya alikuwa amesoma kompyuta Kitui miezi sita, akilala kwa shangazi yangu, akarudi na cheti ambacho nilikitundika ukutani kando ya diploma yangu ya afya ya mifugo. Ndugu yangu Mulei, karani wa ofisi moja Mombasa, alikuwa ametupa kompyuta ambayo ofisi yao ilikuwa imeacha kuitumia. Tulipatana kwamba chumba chetu cha mbele kitakuwa darasa, na wasichana wa hapa Mukuyuni watajifunza kuchapa barua bila kupanda gari kwenda mbali. Lakini mzazi wa kwetu haleti mtoto kwa sababu ya karatasi iliyo ukutani. Huleta kwa sababu ya kitu alichokiona kwa macho yake. Na kitu tulichokuwa nacho cha kuonyesha kilikuwa filamu ya bwawa.

Bwawa lenyewe ni ukuta wa mawe uliokingama kwenye mto wetu mkavu. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na maji hukaa ndani ya mchanga, hata Septemba ukichimba kwa mkono unayapata. Kina mama wa kikundi chetu ndio waliobeba mawe, kila Jumatano na kila Ijumaa, miezi saba. Nzomo ndiye fundi aliyeyapanga. Kisha ikaja ile mvua ya El Nino ya mwaka wa tisini na saba, iliyobeba madaraja ya serikali, na ukuta wa Nzomo ukabaki umesimama. Wageni walikuwa wameupiga picha za filamu tangu mawe yakibebwa mpaka mafuriko yakipita juu yake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, katikati ya 1999, bahasha ikafika posta, na ndani yake CD moja. Dakika ishirini na sita. Katika kikundi kizima, ni sisi tu tuliokuwa na mashine ya kuicheza.

Na kuicheza haikuwa rahisi, niseme ukweli. CD ilikuja na programu yake ya kuonyesha filamu, na programu ilikataa kuingia. Ilikuwa inafika asilimia sitini na saba inakufa. Nzomo alitaka kuipiga kofi ubavuni kama anavyopiga redio. Mbinya alimshika mkono. Alisoma maandishi madogo yaliyotokea kwenye skrini, kwa utaratibu, kisha akasema diski imejaa. Alienda sokoni akampigia mjomba wake simu, akamsomea majina ya vitu vilivyokuwamo ndani, moja moja, mpaka wakajua kipi ni barua ya mtu na kipi ni mchezo wa karata wa makarani. Akafuta michezo. Programu ikaingia.

Halafu sauti ikasikika na picha ikawa nyeusi tupu. Siku mbili tulikuwa tunasikiliza mawe yakigongana gizani. Mbinya hakusema mashine imerogwa wala hakusema CD ni mbovu. Alipitia mipangilio ya skrini, akaona imewekwa rangi kumi na sita tu, akasema filamu haiwezi kuonekana kwa rangi chache hivyo, akabadilisha, akazima, akawasha. Nzomo alitokea pale kwenye skrini akiwa na pima maji mkononi. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniomba nisogee aone vizuri.

Kwa hiyo mtu asiniambie mashine ilimshinda mtoto wangu. Kulikuwa na ugonjwa mmoja tu uliobaki: filamu ilicheza vizuri tukiwa peke yetu, na wageni wakija, ikifika dakika ya kumi na moja, inaganda.

"Leo asubuhi ulijaribu?" nilimuuliza Mbinya.

"Saa kumi na mbili, Mama. Ilicheza mpaka mwisho."

"Na ile Jumamosi, wazee walipoondoka?"

"Tuliizima, nikaiwasha baada ya nusu saa. Ikacheza yote."

"Inaogopa watu," Nzomo alisema. "Ama kuna mtu ana jicho baya. Hata Kasyoka wa kikundi chenu alisema hivyo."

"Nimefungua mizoga ya ng'ombe miaka ishirini na mbili na sijakuta jicho ndani. Nimekuta kupe, minyoo na karatasi za plastiki. Nipe mpaka saa nane."

Alinitazama, akamtazama mtoto.

"Mpaka Abdow apige honi," alisema. "Ikilia honi, imekwisha. Sitaki dakika moja juu."

Akaitupa waya kwenye kiti, ikiwa bado imekunjwa.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.

Mgonjwa wangu hajawahi kuniambia anaumwa wapi. Mbuzi hasemi. Kwa hiyo huwa siulizi mnyama, naangalia kilichobadilika: amelishwa nini jana ambacho hakulishwa juzi, amelala wapi, nani amemkamua. Kisha najaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukimpa dawa tatu akapona hujui ni ipi iliyomponya, na wiki ijayo utakuwa mjinga vilevile. Nilichukua daftari langu la chanjo, nikafungua ukurasa mweupe, nikaandika juu: WAGENI WAKIJA. Chini yake nikaandika vitu vinavyobadilika nyumbani siku hiyo. Stima, kwa sababu Nzomo hupiga pasi shati lake dakika za mwisho. Pazia, kwa sababu tunafunga ili skrini ionekane vizuri. Redio, ambayo Nzomo huifungua kwa sauti chini ili watu wajue ipo. Viti, kwa sababu tunasogeza meza ya kompyuta kuelekea ukutani ili vienee. Na mwisho, watu wenyewe.

"Hiyo ni orodha ya kila Jumamosi ya maisha yetu," Nzomo alisema.

"Shika pasi," nilimwambia.

Tulianza na stima. Nilimsimamisha na pasi ya moto kwenye soketi ileile, akipiga shati lilelile mara tatu, na Mbinya akaicheza filamu. Dakika ya kumi na moja ikapita. Ya kumi na mbili, Kasyoka, mwenyekiti wa kikundi chetu, akatokea akihutubia kama kawaida. Ya kumi na tano ukuta ukatokea. Nikafuta stima. Tukafunga pazia, tukarudia: ikapita. Redio: ikapita, ingawa kwaya na mawe vilichanganyika vibaya. Tukasogeza meza mpaka ukutani: ikapita. Kila mara ukuta ulipotokea nilimwona Nzomo akiinama mbele kidogo, kisha akikumbuka kwamba amekasirika na kuegemea nyuma.

Ilipofika saa tano na nusu, mistari minne ilikuwa imekatwa na mmoja ulibaki.

"Mbinya, nenda ukawaite," nilisema.

"Kina nani?"

"Kina mama. Wako kwa matuta ya Kasyoka leo. Waambie waje na majembe yao kama walivyo."

Nzomo aliruka. "Mara ya tatu? Unataka nihamie wapi, mwanamke? Mbona usiwaite na wale wa mjini Wote?"

"Ng'ombe anayekohoa usiku humpimi mchana. Ugonjwa unakuja na wageni. Basi mimi nataka wageni."

Mbinya alikuwa amefika langoni tayari.

Walikuja kumi na mmoja, miguu imejaa udongo, majembe wakayaegemeza ukutani nje. Kasyoka aliingia mbele. Ni mwanamke mrefu, mweusi wa kupendeza, na sauti yake inasikika ng'ambo ya mto.

"Mwaitu, mama yetu," aliniambia, akinipa mkono, "umetuita kuona ile filamu ambayo haiishi?"

"Nimewaita mnisaidie kuitafuta inapoumwa. Kaeni."

"Mimi nataka kujua neno moja tu. Mimi nimo ama simo? Kwa sababu mnaniambia nimo, dakika ya kumi na mbili. Na kila nikija, mashine inakufa dakika ya kumi na moja. Mtu mwingine angefikiria mmeikata."

"Umo, Mama Kavata," nilimjibu. "Unaongea mpaka mtu anataka kutoka nje."

Wenzake walicheka. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa, akaweka mikono magotini, kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

Nilifanya yote yanayofanywa wageni wakija. Hilo ndilo lilikuwa jaribio. Nzomo alivaa shati. Pazia likafungwa, redio ikafunguliwa, viti vikapangwa, meza ikasogezwa. Nilipika chai kwa makaa, ya maziwa mengi. Nilitandika vitambaa kwenye viti na kwenye kabati, na kile kikubwa nikakitandika juu ya kompyuta, kwa sababu siwezi kukaa na wageni huku kitu kikubwa cha nyumba kiko uchi. Mbinya akabonyeza.

Filamu ikaanza. Mto mkavu. Kina mama wakishuka mlimani na mawe kichwani. Walianza kuitana: yule ni wewe, yule ni marehemu mama ya Kiilu, tazama rinda langu lile la kijani, liliishia wapi? Nilikuwa nimesimama nyuma na saa mkononi. Dakika ya tisa. Ya kumi. Mama Ndolo alitokea kwenye skrini akipanda ngazi ya mawe, jiwe kubwa kichwani, mguu mmoja juu.

Akabaki hivyo.

Sauti ilikwaruza mara moja ikanyamaza. Dakika kumi na moja na sekunde chache.

"Nitoeni hapo," Mama Ndolo halisi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Hilo jiwe ni zito."

Hakuna aliyecheka sana. Kasyoka alikuwa amegeuka, ananitazama mimi. Mama mmoja nyuma alinong'ona neno "jicho", na mwingine akamwambia nyamaza. Nzomo alinyanyuka, akaenda kwenye kile kiti, akaichukua waya yake. Saa saba kasoro dakika tano.

"Umeona," alisema. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ni watu. Huwezi kufundisha darasa ambalo halina watu."

Nilitazama daftari. Mstari wa mwisho ulisema WATU, na sikuwa na dawa ya watu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo daktari mwaminifu humwambia mwenye ng'ombe akatafute mchinjaji.

Mbinya alikuja akasimama kando yangu, akasoma ukurasa.

"Mama," alisema polepole, "hapa umeandika pasi ya Baba. Redio ya Baba. Pazia na meza, hizo ni zangu. Wageni, ni wao. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe wageni wakija unafanyanga nini? Hujajiandika."

"Napika chai, na leo nimepikia jikoni kwa makaa, haiguswi na stima."

"Na kingine?"

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Nilitaka kumwambia ajue anaongea na nani. Kisha nikafuata macho yake.

Kile kitambaa nilikifuma kwa sindano ya kulabu nikiwa chuoni, mwaka wa mwisho, wenzangu wakilala mchana. Uzi mweupe, mzito, tausi wawili pembeni, na katikati, kwa herufi za rangi nyekundu, KARIBUNI WAGENI. Niliingia nacho kwenye nyumba hii nilipoolewa. Hukaa ndani ya sanduku la bati pamoja na dawa ya nondo, na hutoka siku ya wageni tu, na wageni wakitoka langoni kitu cha kwanza ninachofanya, kabla hata ya kuosha vikombe, ni kukikunja na kukirudisha. Kilikuwa kimelala juu ya skrini na kulifunika lile sanduku la mashine lililo kando yake, kikashuka nyuma mpaka mezani, vizuri sana, bila mkunjo.

Nilifungua mkoba wangu wa kazi, nikatoa kipimajoto.

"Sasa unaipima homa?" Nzomo aliuliza.

"Hicho ni cha ng'ombe?" Kasyoka aliuliza. "Umekiosha?"

"Nimekiosha."

Nilikikung'uta, nikakiingiza chini ya kitambaa, nyuma ya sanduku pale penye matundu na feni. Sikuhitaji dakika mbili. Zebaki ilipanda mbio kama nyani, ikapita thelathini na tisa, ikapita arobaini, nikakichomoa kipimajoto kabla haijapasua kioo. Niliweka kiganja. Ng'ombe mwenye joto lile ungekuwa unamchimbia shimo.

Feni ilikuwa inavuta hewa yake yenyewe, imefungiwa ndani ya blanketi langu la heshima.

Nimewagombeza wakulima wangapi kwa kuwafungia ndama ndani ya kibanda kisicho na dirisha? Na asubuhi ile nzima nilikuwa nimeorodhesha makosa ya kila mtu katika nyumba hii isipokuwa mwenye kalamu.

"Ni kitambaa," nilisema. "Ni mimi."

Nzomo alifungua mdomo. Nilimnyooshea kidole. Akaufunga, lakini macho yake yalikuwa yanacheka tayari.

"Mbinya, ulijua?"

"Nimejua sasa hivi. Nilianza kufikiria wakati uliweka. Tulipojaribu asubuhi hakikuwepo." Kisha akaongeza, mbele ya wale wanawake wote, bila kushusha sauti: "Filamu ndiyo kazi nzito kwa mashine, Mama, kuliko barua. Inapata joto. Ikikosa hewa dakika kumi hivi, inasimama."

Niliwatazama wale kina mama wakimsikiliza. Walikuwa wanamsikiliza kama wanavyonisikiliza mimi nikiwaeleza habari za chanjo. Nilihisi shingo yangu ikirefuka yenyewe. Mtoto wangu alikuwa amempima daktari na kumpata na ugonjwa, na alikuwa na haki.

Nilikivuta kitambaa, kikatoka cha moto kama kilichopigwa pasi. Mbinya alizima mashine, akasogeza meza mbali na ukuta.

"Tunangoja ipoe," alisema.

"Muda gani?" Nzomo aliuliza, akitazama saa ya ukutani.

"Nusu saa."

"Nusu saa?" Kasyoka alisimama. "Mimi nimengoja wiki tatu." Alifungua leso yake kiunoni, akaishika ncha mbili, akaanza kulipepea sanduku la mashine kama anayepepea jiko. Mama Ndolo akaishika upande wa pili. Wengine wakapokezana, wawili wawili, wakiimba ule wimbo wa kubebea mawe, na nyumba ikajaa upepo na harufu ya udongo. Kama kuna mtu aliyepita barabarani akachungulia, sijui alieleza nini huko alikokwenda.

Saa nane kasoro robo Mbinya aliweka kiganja nyuma ya sanduku, akaniita niweke changu. Baridi. Akawasha. Tulianza mwanzo, kwa sababu hakuna aliyekubali kuruka hata jiwe moja.

Dakika ya saba. Ya nane. Hapo honi ya lori ikalia langoni, mara mbili.

Niligeuka kumtazama Nzomo. Alikuwa amesimama mlangoni na ile waya mkononi. Mapatano yalikuwa mapatano, na yeye si mtu wa kuvunja neno lake, hata analolijutia. Niliona akimtazama binti yake mgongoni. Mbinya hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu ya sanduku, unasikiliza joto.

Nzomo alitoka. Nilisikia sauti ya Abdow, "Mzee, mzigo uko tayari? Mbuzi wamesimama juani," na nilisikia mume wangu akijibu, "Nipe dakika kumi. Ingia ndani kwanza. Kuna ukuta nataka uuone."

Wakaingia wote wawili. Abdow, ambaye hununua mbuzi huku kwetu na kuwapeleka Kambu, na ambaye vibali vyake vya kusafirisha mifugo ni mimi huvitia sahihi, aliwasalimu kina mama kwa adabu, akakosa kiti, akaegemea mlango. Hakuna aliyeondoa macho kwenye skrini. Mama Ndolo alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya mawe, mguu mmoja juu.

Akaushusha.

Akapanda kidato cha pili, cha tatu, akalitua jiwe lake, akajifuta jasho. Mama Ndolo wa kwenye kiti alishusha pumzi kana kwamba ni yeye.

Kisha Kasyoka akatokea. Skrini nzima ilikuwa uso wake, na sauti yake ikajaa chumba: sisi hatukungoja mtu, tulibeba wenyewe, kila jiwe hapa lina jina la mtu. Kasyoka aliye kwenye kiti aliinama mbele. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Alipoondoa leso aligeuka nyuma akawatazama wenzake mmoja mmoja, kuhakikisha wanasikia.

Ukuta ulipotokea, maji ya kahawia yakiupita juu na wenyewe umekaa kimya kama ng'ombe aliyelala, Abdow alipiga mluzi.

"Huu ni wako, Mzee?"

"Ni wa kina mama," Nzomo alisema. "Mimi nilipanga tu." Lakini alikuwa amenyooka kama pima maji yake.

Ilicheza mpaka mwisho. Dakika ishirini na sita. Kina mama walisimama, na Kasyoka alienda moja kwa moja kwa Mbinya. Hakuja kwangu.

"Mwalimu," alimwambia, "Kavata wangu aje Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tatu, Mama. Aje na daftari."

"Na wangu," mama mwingine alisema.

Nzomo aliikunjua ile waya taratibu, akaitundika kwenye msumari kando ya dirisha, mahali pa vitu vinavyotumika.

"Sasa, Mzee," Abdow alisema, "mbuzi wangu wataiva huko nje. Uliniambia kompyuta moja na msichana mmoja mpaka Kambu. Dada yako anangoja. Nimwambie nini?"

Nzomo alinitazama. Mimi nilitazama kile kitambaa, kilichokuwa kimelala kwenye mkono wa kiti, tausi wawili na maneno yao mekundu. Miaka ishirini na zaidi nimekitunza. Kama kingebaki nyumbani, ninajijua, mgeni wa kwanza mwenye tai angeingia na mikono yangu ingekwenda kwenye sanduku la bati yenyewe. Ng'ombe anayerudi shambani kila siku hafungiwi geti. Anauzwa.

Nilikikunja mara nne, nikakifunga ndani ya gazeti, nikamwekea Abdow mikononi.

"Mpelekee Syombua," nilisema. "Mwambie ni cha meza ya hoteli. Ana wageni wengi kuliko sisi."

"Hiki tu, Daktari?"

"Hiki tu. Kompyuta iko kazini na msichana ni mwalimu. Twende nikuonee hao mbuzi kabla hujaondoka, yule mweusi nimemsikia akikohoa."

Nilitoka naye mpaka langoni, nikampima yule mweusi, nikampitisha, nikagonga ubavu wa lori mara mbili. Likaondoka kuelekea Kambu na kitambaa changu mbele kwenye dashibodi.